Kesho Mlango Utakuwa Wazi

Jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwa Mwalimu Evarist lilikuwa mazungumzo kuhusu ndama.

Ilikuwa Jumapili, jua limeanza kulegea juu ya mabati ya mtaa wa Lipangalala, na padri aliyemletea Balbina, mke wa mwalimu, komunyo alikuwa ameshaondoka. Simu ikalia kitandani. Balbina, ambaye tangu juzi alikuwa akionja uji na kuusukuma pembeni, aliipokea mwenyewe na kuiweka kifuani, sauti ikasikika chumba kizima.

"Mayu dokta, shikamoo." Alikuwa Yoramu, mfugaji wa ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Kwao mama anaitwa mayu, na kwake Balbina hakuwa na jina jingine. "Mwili unaendeleaje?"

"Marahaba. Mwili uache. Nani mgonjwa huko?"

"Ndama. Amelala tu, hanyonyi."

"Masikio?"

"Yamelegea."

"Pitisha mkono chini ya sikio. Kuna nini?"

Ng'ombe walisikika wakilia. "Kuna uvimbe kama limau, mayu."

"Ndigana kali hiyo. Kupe. Si nilikwambia uwaogeshe?"

"Uliniambia. Mke wangu naye aliniambia."

"Basi una wanawake wawili wenye akili, na bado unanipigia Jumapili." Evarist, aliyekaa kwenye kiti karibu na dirisha, alisikia katika sauti ile kitu alichodhani kimeshamtoka mkewe: kicheko. "Mlete kesho asubuhi. Mlango utakuwa wazi."

Mlango wenyewe ulikuwa wa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, kinachotazama barabara, ambako Balbina alikuwa ametibu mifugo tangu watoto wao wakiwa wadogo. Tangu kabla ya masika ulikuwa umefungwa kwa amri ya halmashauri ya mji, karatasi imebandikwa kwenye kitasa na alama kubwa ya X imechorwa kwa rangi nyekundu kwenye mbao. Aliyeleta amri hiyo alikuwa afisa biashara wa halmashauri. Afisa biashara huyo alikuwa Maximilian, mtoto wao wa kwanza.

"Umemwambia mlango utakuwa wazi," alisema Evarist.

"Umesikia vizuri. Niitie watoto. Wote wawili."

Odilia, binti yao, alikuwa jikoni. Maximilian alikuwa kwake, mtaa wa pili, na tangu siku ya karatasi ile alikuwa akija kumwona mama yake saa ambazo baba yake yuko kanisani. Evarist alimpigia mwenyewe. Alisema, "Mama yako anakuita," akakata. Kijana alifika akiwa na kandambili, shati limefungwa vifungo kombo, akasimama mlangoni kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Balbina aliomba ainuliwe. Odilia akamwekea mito mgongoni. Kisha akaanza kusema.

"Sogeeni, wanangu. Na wewe Baba Maksi usikae huko dirishani kama abiria wa treni iliyochelewa. Vuta kiti, kwa sababu haya yanakuhusu kuliko unavyodhani. Nisikilizeni mpaka mwisho, asinikatize mtu, maana nimekaa karibu na viumbe wengi wakiwa wanafika hapa nilipo, najua pumzi inavyopungua, na kazi yangu haikunifundisha kujidanganya.

"Nianze na vitu, kwa kuwa vitu ndivyo vinavyogombanisha watu wakiwa bado na nguo za msiba. Shamba la mpunga alilonirithisha mama yangu mligawane kwa kufuata mfereji, Maximilian upande wa juu, Odilia upande wa mtoni, na mdogo wangu Violeth aendelee kulima kipande anacholima sasa mpaka achoke mwenyewe, na asiulizwe anakilimia nini. Vitenge vyangu ni vyake pia, isipokuwa kile cha bluu, ambacho mtanivika. Baiskeli niliyokuwa nikivuka nayo kwa pantoni, daraja likiwa bado halijafikiriwa, msiipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mpeni Yoramu, alishanisukumia kwenye matope mara nyingi kuliko nilivyoiendesha. Friji la chanjo, darubini, mikasi, vyote vilivyomo chumba cha mbele ni vya Odilia, kwa sababu ndiye aliyesomea, na si kwa sababu nilimpenda kuliko kaka yake. Maximilian, unanisikia? Si kwa sababu hiyo.

"Sasa niseme kuhusu chumba chenyewe. Nilipokifungua, watu wa hapa walikuwa wakulima, wengi wao hawafugi hata mbuzi, na babu yenu aliniuliza mbele ya wageni kama nimesoma miaka yote ile Morogoro ili nije kutibu kambale. Kisha wakaingia wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa, na ng'ombe wao wakaingia kwenye mpunga wa watu, mnajua yaliyofuata, mlikuwa mkisikia yowe usiku na kuona marungu asubuhi. Lakini kwenye baraza yangu palikuwa na benchi moja tu. Mpogoro mwenye mpunga uliokanyagwa alikaa na mbwa wake, na Msukuma mwenye ng'ombe aliyekanyaga alikaa na kamba ya ng'ombe mkononi, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mgonjwa, ilibidi mmoja aanze kumuuliza mwenzake, wako ana nini? Sikuwapatanisha mimi. Mimi nilichelewa tu kuwaita ndani, makusudi. Odilia, benchi lile usilibadilishe kwa viti vya plastiki.

"Halmashauri ilipoanza kututaka sisi wa taaluma tujiandikishe mjini kama wanavyojiandikisha wenye maduka, sisi wa mifugo na mawakili na wapima ardhi na wa meno, nilikataa, na niliwaambia sababu yangu. Agizo lao lilikuwa na kifungu kilichotaka kila mmoja wetu apite mbele ya kamati ya mji, aulizwe kama anaifaa kazi yake. Nikasema nchi ilishaniuliza swali hilo, nikalijibu kwa mtihani na kwa kiapo, na leseni yangu ya taifa iko ukutani kwa mwenye macho. Kamati yenye muuza mbao na mwenye baa haiwezi kuniuliza namna ya kumkata ng'ombe aliyekwama kuzaa. Hivyo ndivyo nilivyosema. Na leo sisemi kwamba nilikosea, msije mkasimulia kaburini kwamba mama alijuta, kwa sababu mama hajajuta.

"Ndipo Maximilian akaja. Nataka baba yenu asikie hili, kwa kuwa siku ile alikuwa shuleni akisahihisha mitihani ya watu, na alichokijua alikijua kwa majirani. Maximilian angeweza kumtuma mwenzake, yeye akajipa semina Dodoma. Wangapi wangefanya hivyo? Alikuja mwenyewe. Akaniamkia, nikaitika. Akaisoma amri yote mpaka mstari wa mwisho, sauti ikimtetemeka kama mtoto anayesoma somo misani, kisha akabandika. Ile X ilichorwa na mgambo aliyefuatana naye, kwa rangi iliyobaki kwenye kazi ya kuweka alama nyumba zilizoingia barabarani. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa na brashi mkononi, na mtu mwenye brashi mkononi anaona kila mbao inamwita.

"Mnakumbuka kilichotokea." Hapo alipumzika, na midomo yake ikacheka kabla ya sauti kufika. "Watu wa Yoramu waliiona ile X, na wao X wanaijua, walishachorewa maboma yao yakabomolewa. Wakadhani tunavunjiwa nyumba. Kesho yake alfajiri nafungua dirisha, naona vitrekta vya pawatila vitatu na matela yake, wanaume wamevaa mashuka, wanawake wameleta kamba, na Yoramu amesimama mbele ananiambia, mayu, panda, tumekuja kukuhamisha, kwetu uwanja upo, kuhamishwa sisi tumekuzoea. Walikuwa wameshapakia mtungi wangu wa maji. Baba yenu akatoka na pajama kuwafafanulia tofauti ya sheria ya ardhi na sheria ya leseni, wakamsikiliza kwa adabu yote, alipomaliza Yoramu akasema, sawa mwalimu, tuanze na kabati au kitanda?"

Odilia alicheka akilia. Maximilian aliangalia sakafu, mabega yakimtikisika. Evarist mwenyewe alisogeza kiti chake mbele kidogo.

"Basi. Nilimwita Maximilian siku moja ukiwa kanisani, Baba Maksi, nikamuuliza: mwanangu, kwa nini yangu? Akaniambia, mama, kimeta kilipoingia mwaka ule, kuna mtu alikuwa sokoni anauza maji ya rangi kwenye vichupa na kujiita daktari, ng'ombe wakafa, na mtu mmoja aliyekula nyama akafa. Tulimtafuta. Mji mzima haukujua nani anafanya kazi gani nyuma ya mlango gani. Nikiwafungia wengine nikaacha wa mama yangu, kesho sitakuwa na uso wa kumfungia yeyote, hata yule wa vichupa akirudi. Nikakaa na jibu hilo. Nchi iliniuliza kama naijua kazi. Mji unaniuliza niko wapi. Hayo ni maswali mawili, na la pili ni halali ya jirani yeyote kuuliza.

"Halafu akaniambia la pili, ambalo sikuwaambia kwa kuwa aliniomba nisiseme. Akaniambia, kifungu cha kamati ni kibaya, mama, kikatie rufaa, peleka ofisi fulani, andika sababu yako ileile uliyonitupia usoni. Nikaandika. Mliposherehekea wiki ya Pasaka kwamba kifungu kimefutwa, mlimshukuru wakili. Wakili alipiga chapa. Njia alinionyesha huyu hapa, na kwa kunionyesha angeweza kupoteza mkate wake.

"Kwa hiyo nilichokikataa hakipo. Kilichobaki nakikubali. Odilia ana leseni yake ya taifa, jina lake na la mtaa viandikwe mjini, na mlango ufunguliwe. Tangu Pasaka kinachokosekana ni kimoja, saini ya mwenye nyumba kwamba ameridhia. Na mwenye nyumba..."

Pumzi ilimpungukia. Odilia akampa maji kwa kijiko. Mengi yalishuka kidevuni.

"Mwenye nyumba ni wewe, mume wangu. Usinijibu. Najua unavyojiambia, unajiambia unanitetea. Unanitetea katika jambo ambalo nimeshalishinda. Umefundisha watoto wa mji huu kupanga foleni mpaka wamekuwa wakuu wa idara, na sasa huwezi kukaa kwenye benchi la ofisi ambamo mwanao anafanya kazi. Umenihudumia kuliko wauguzi, umenikata kucha, umenibeba. Nakushukuru, na nisingepata mwingine. Lakini nimelala hapa miezi yote hii nikisikia watu wakifika pale mbele na wanyama wao, wanasoma karatasi, wanageuka. Kila anayegeuka namsikia. Hilo ndilo linaloniuma, mengine ni maumivu tu.

"Kesho asubuhi mwende. Nikiwepo, mwende. Nikiwa sipo, mwende vilevile, kabla ya jeneza, kabla ya turubai. Watatu. Msipite mlango wa nyuma, wala Maximilian asiliguse faili la nyumbani kwao; akae benchi kama wengine, mhudumiwe na mwenzake. Watu watasema. Waacheni waseme, kusema ni bure. Mimi sitaki watu waje kunilia mbele ya mlango wenye X. Sitaki kuagwa kama nyumba inayosubiri katapila.

"Odilia. Mguse mnyama kabla ya kumsikiliza mwenyewe, mnyama haongezi chumvi. Na mtu akija kwako akiwa ameshampa ng'ombe wake majani ya bibi yake, usimcheke. Amekuja. Inatosha.

"Maximilian. Ukimfungia mtu mlango, uende mwenyewe, kama ulivyokuja kwangu. Siku hiyohiyo umwambie pa kukatia rufaa. Na yule mgambo... mnyang'anyeni rangi."

Sauti ilikuwa imeshuka kiasi kwamba wote watatu waliinama juu yake, na kwa kuinama hivyo vichwa vyao vilikaribiana, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu mwanzo wa mwaka.

"Nipeni vichwa. Siwezi kuinua... nileteeni mkono." Evarist aliushika mkono wake, akauongoza kwenye paji la uso la Maximilian, kisha la Odilia, na kidole gumba kikachora msalaba mdogo kila mahali. "Mungu awape watu wa kuwagongea mlango. Na nyinyi muwepo. Msipishane ndani ya nyumba hii kwa... kwa kuviziana. Mle pamoja. Mpunga wa mwaka huu ni mzuri. Baba Maksi. Kichwa chako na wewe."

Akamchora naye. Mkono ukabaki hapo, mzito, mpaka alipolala.

Alifariki alfajiri, kabla ya kengele ya misa. Evarist alikuwa amekaa kando yake, na alijua kwa namna chumba kilivyobadilika. Alimfumba macho. Akaenda kumwamsha Odilia, kisha akampigia Maximilian na Violeth, na kila mmoja alimwambia kwa sentensi moja, kwa sababu ya pili isingetoka.

Kulipopambazuka, wanawake wa jumuiya walishaanza kuingia na mikeka. Evarist alinawa uso, akavaa shati jeupe na koti lake la mahafali. Violeth alimkuta sebuleni akifunga kamba za viatu.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

"Halmashauri."

"Halmashauri? Dada hata hajaoshwa! Watu watasemaje?"

"Alisema watasema," alijibu Evarist. "Muosheni. Kitenge cha bluu. Tutarudi."

Walikwenda kwa miguu, Odilia akiwa na leseni yake kwenye bahasha, Maximilian upande wa pili wa baba yake. Ofisini walikaa kwenye benchi, nyuma ya kinyozi na mama mwenye duka la pembejeo. Wafanyakazi waliokuwa wakipita walimwamkia Maximilian, wakashangaa kumwona upande ule wa dirisha, wengine wakamwambia apite ndani. Alitikisa kichwa. Kinyozi, aliyekuwa mwanafunzi wa Evarist zamani, aliposikia msiba alitaka kuwaachia nafasi yake.

"Kaa, kijana," alisema Evarist. "Zamu ni zamu."

Dirishani alikuwa Evelina, msichana mwenye miwani. Alipoona majina alivua miwani hiyo.

"Mwalimu, poleni sana. Lakini si mngesubiri hata mzike? Hakuna ambaye angewauliza."

"Yupo aliyeuliza," alisema Evarist. "Naomba kalamu."

Alisaini kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zote zikisomeka. Mtandao ulikwama, ukarudi, ukakwama tena, na wakati wakisubiri Maximilian alisema taratibu, akitazama mbele, "Shikamoo, baba." Alikuwa hajamwamkia asubuhi ile. Alikuwa hajamwamkia tangu siku ya karatasi.

"Marahaba, mwanangu," alisema Evarist, akamfungua vifungo vya shati, ambavyo tangu jana vilikuwa kombo, akavifunga upya, mbele ya ofisi nzima.

Waliporudi na kibali mkononi, baraza ilikuwa imejaa. Maximilian alibandua karatasi ya halmashauri kwa kucha zake mwenyewe, pembe baada ya pembe. X haikubanduka, ilikuwa rangi ya mafuta. Kwa hiyo Odilia alifungua mlango kwa nje mpaka mwisho, ukalala ukutani, na alama ikaangaliana na ukuta, ambako hakuna wa kuiona.

Saa hiyo ndipo tela ya pawatila iliposimama barabarani. Yoramu alishuka na ndama begani, akaona turubai, mikeka, wanawake wenye kanga vichwani. Alisimama, akavua kofia, kisha akageuka taratibu kumrudisha ndama kwenye tela.

"Yoramu," Evarist aliita.

"Mwalimu, samahani. Sikujua. Mayu aliniambia..."

"Najua alichokuambia. Nilikuwepo. Mlete."

Wanawake walijivuta kwenye mikeka, wakaacha njia. Yoramu alimlaza ndama ndani, kwenye meza iliyokuwa na vumbi, na Odilia, macho yamevimba, alipitisha mkono chini ya sikio kabla ya kuuliza lolote, kisha akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Ndama alijaribu kuinuka. Kwa miaka mingi kazi ya kumshika mnyama kichwa ilikuwa ya mtu yeyote aliyekuwa karibu, na mara nyingi aliyekuwa karibu alikuwa mwalimu wa jiografia aliyetoka shule na chaki mikononi.

Evarist alivua koti lake la mahafali, akaliweka kwenye benchi, akaingia ndani na kukishika kichwa.